Katiba mpya ya klabu ya mtaa: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Hapa Mwanza, kuanzia Igogo hadi Igombe, klabu ndogo za michezo hazikosekani: soka la vijana, netiboli, ngumi, vikundi vya kukimbia alfajiri. Nyingi zilianza na mpira mmoja na daftari la michango, katiba ikaandikwa harakaharaka ili usajili upatikane. Klabu ikikua, katiba ile inaanza kubana na wanachama wanadai mpya. Hapo ndipo maneno ya kijiweni yanageuka sheria, na watu waliocheza pamoja tangu utotoni wanaishia kususiana. Inaniuma, kwa sababu ugomvi mwingi wa namna hii unazuilika.

"Tukipiga kura tukawa wengi, imepita"

Dhana hii ndiyo inayovunja klabu nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Katiba mpya inapatikana kwa utaratibu wa katiba ya zamani, hata kama hiyo ya zamani ndiyo mnayoilalamikia. Ifungueni kurasa za mwisho. Mara nyingi huko ndiko kilipo kifungu cha marekebisho ya katiba. Kitasema nani anaitisha mkutano, taarifa itolewe siku ngapi kabla, akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo, ni watu wangapi na kura zinazotakiwa ni ngapi. Mkiruka hata kimoja, mwanachama mmoja asiyeridhika anatosha kuwarudisha mwanzo, na atakuwa na haki.

Someni hasa maneno ya kura. Tuseme klabu ina wanachama hai 60, na mkutanoni wamekuja 36. Kifungu kikisema "theluthi mbili ya waliohudhuria", kura 24 zinatosha. Kikisema "theluthi mbili ya wanachama wote", zinatakiwa 40, maana yake hao 36 hata wakinyoosha mikono wote, hakuna kilichopita. Maneno mawili tu yanaamua kama mna katiba au hamna.

Halafu kuna swali la nani anapiga kura. Klabu zetu zina mashabiki wanaojiona wanachama kwa sababu hawakosi mechi, na wapo wachezaji wa zamani watakaosimama na kusema, "Mwenyekiti, mimi niko hapa tangu klabu inaanza." Heshima yao ipo palepale, ila kura inafuata daftari la ada. Wiki mbili kabla ya mkutano, katibu na mweka hazina wakae na daftari hilo, waandike orodha ya wanachama hai na kuibandika mahali pa mazoezi. Mwenye pingamizi alete siku hizo, asisubiri kura zihesabiwe.

Akidi nayo ina hesabu yake huku kwetu. Klabu ya Kayenze au ya jirani na mwalo wa Kirumba ina wanachama wengi wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Ukiitisha mkutano kipindi cha giza, vijana wamelala mchana au bado wako ziwani, na utakaa na watu kumi chini ya mwembe. Uweke siku za mwezi mpevu. Nashauri hata katiba yenyewe isiseme tu "Mkutano Mkuu utafanyika Juni", bali iipe kamati ya utendaji nafasi ya kuchagua tarehe inayowafaa wanachama.

"Katiba ni karatasi ya usajili, tunakili ya wenzetu"

Watu wanachukua katiba ya klabu kubwa, wanabadilisha jina na rangi za jezi, basi. Matokeo yake klabu ya watu 40 ina kamati ya maadili, kamati ya rufaa, matawi na mkurugenzi wa habari, na hakuna hata mmoja wa kujaza nafasi hizo. Siku nidhamu ya mchezaji inapotakiwa kuamuliwa, katiba inataja kamati isiyokuwepo, na uamuzi wowote wa mwenyekiti unakuwa batili. Andikeni vyombo mnavyoweza kuvijaza leo.

Kiwango cha ada msikiweke ndani ya katiba. Kiwekeni kwenye kanuni, la sivyo kila mnapotaka kuongeza shilingi 500 mtahitaji theluthi mbili.

"Ikipita mkutanoni, kesho tunaanza nayo"

Hapana. Klabu za michezo ziko chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Namba 12 ya mwaka 1967, iliyorekebishwa 1971. Aliyeisajili katiba ya kwanza, yaani Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, ndiye anayetakiwa kuridhia na hii ya pili. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya afisa michezo wa wilaya yenu, iwe Nyamagana, Ilemela au Ukerewe. Pelekeni muhtasari wa mkutano uliosainiwa, orodha ya mahudhurio yenye sahihi na rasimu iliyopitishwa. Mpaka ridhaa itoke, mnaongozwa na katiba ya zamani. Klabu ya soka ihakikishe pia kwamba rasimu haigongani na kanuni za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na za chama cha soka cha wilaya yake.

Ni busara kumwonyesha afisa michezo rasimu kabla ya mkutano. Akikuta kasoro mapema mnarekebisha kwa kalamu. Akiikuta baadaye mtaitisha mkutano mwingine.

"Mlezi ndiye mwenye klabu"

Bila walezi klabu nyingi zingekufa. Mfanyabiashara wa samaki anatoa jezi, mwenye daladala anaisafirisha timu hadi Magu bure, na wanastahili shukrani ya wazi. Ila mlezi si mwanachama mpaka ajiunge, na akijiunga ana kura moja kama mbeba maji wa timu. Hata huko juu, serikali ilipoziruhusu klabu za wanachama kama Simba na Yanga kuingiza wawekezaji, iliacha asilimia 51 kwa wanachama na kumwekea mwekezaji ukomo wa 49. Basi sielewi kwa nini klabu ya mtaa itoe zote kwa seti mbili za jezi. Kwenye katiba mpya elezeni mlezi anapatikanaje, anakaa muda gani, na kwamba alichokitoa ni mali ya klabu. Mwambieni mapema na kwa adabu, akiwa na soda mkononi, si siku ya uchaguzi.

"Katiba mpya, ukurasa mpya"

Wapo wanaotaka katiba mpya ili deni la mwenye duka la vifaa life, au ili uongozi uliopo uondoke bila uchaguzi. Klabu ni ileile. Madeni na mikataba inaendelea, akaunti ya benki inaendelea. Kuhusu viongozi, wekeni kifungu cha mpito kinachosema wazi kama watamaliza muda wao au uchaguzi utafanyika ndani ya siku ngapi. Kisipokuwepo, mtakuwa na makatibu wawili wenye mihuri miwili.

Mengine kwa ufupi. Si lazima mwanasheria aandike. Anayeandika Kiswahili cha kueleweka anatosha, mwanasheria akisoma mwishoni ni vizuri. Urefu si ubora. Migogoro ya soka haikimbiliwi mahakamani, inapitia vyombo vya soka vyenyewe, kwa hiyo katiba ionyeshe ngazi ya kuanzia. Lakini pesa zikiibwa, hilo ni la polisi.

Mkiwa na kiwanja au mnakitafuta, msikiandike kwa jina la mwenyekiti kwa sababu tu mnamwamini. Akifariki, familia yake itakuta jina la baba yao kwenye hati. Weka kifungu cha bodi ya wadhamini, kisha wadhamini hao wasajiliwe RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili mali iandikwe kwa jina la bodi. Fanyeni hivyo kabla ya kulipia kiwanja.