Si kila kigae cha buluu ni kauri

Mtu anasimama mbele ya kabati la vioo kule Ngomeni (Fort Jesus), Mombasa, anaona vipande vyeupe vyenye maua ya buluu, na hapo hapo anatoa hukumu: "Kauri ya Mchina hiyo." Nimeshaisikia mara nyingi mno. Vingine ni vya Mchina kweli. Vingine vimetoka Ureno, na hivyo si kauri kabisa.

Kauri ni chombo cha udongo mweupe wa kaolini, uliochomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200 hadi mwili wake ukashikana kama kioo. Maana ni hiyo tu.

Utamu uko kwenye jina. Neno limetujia kutoka Kihindi, na kabla ya kuwa kikombe, kauri ilikuwa simbi, lile gamba la baharini linaloteleza mkononi. Waitalia nao gamba hilo hilo waliliita porcellana, kisha vyombo vya China vilipowafikia, vinang'aa vile, wakavipa jina la gamba. Sisi na wao, kila mmoja kwa njia yake, tukaishia kwenye simbi. Pwani tuna pia sini, neno la Kiarabu lenye maana ya "cha China". Hata sinia unalolia pilau ni ndugu yake, ingawa lako huenda ni la alumini na China halikuwahi kuiona. Kwa hiyo sishangai watu wakichanganya. Lugha yenyewe ilianza kuchanganya zamani.

Lakini udongo haufuati majina. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoichimba, kuanzia 1958, vigae vilitoka vya kila namna: vyungu vya kupikia vya hapa hapa, kauri ya China, vyombo vya Uajemi, na faiensi ya Ureno. Hii faiensi ndiyo inayowadanganya watu. Ni udongo wa kawaida uliopakwa upako mweupe wenye bati, kisha ukachorwa buluu. Wafinyanzi wa Lisbon katika karne ya 17 waliiga Uchina makusudi, na Waajemi walifanya vivyo hivyo kwa udongo wao.

Maua basi hayana ushahidi. Tazama palipovunjika. Kauri ni nyeupe hadi ndani, ukingo wake mkali kama wa chupa. Faiensi ina mwili wa manjano au wa waridi, weupe umekaa juu tu kama chokaa ukutani, na mara nyingi umebanduka. Wapo wachimbaji wanaogusisha ulimi: faiensi hunata, kwa kuwa inanyonya maji, kauri hainati. (Vya kabatini usivirambe, tafadhali.)

Kwa hiyo kile chenye ukingo wa manjano, ndugu yangu, kiite faiensi. Neno likikushinda, sema tu kigae cha Mreno.