Nusu ya kidonge cha kichocho haifanyi kazi

Aliyewahi kupimwa urefu kwa fito shuleni, akapewa vidonge vikubwa vya kichocho na kuambiwa avimeze upesi kabla havijaanza kuyeyuka mdomoni, anaujua uchungu wa prazikwanteli. Kidonge kimoja kina miligramu 600 za dawa. Kwa kipimo cha kawaida cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mtoto wa kilo 30 humeza viwili, yaani miligramu 1,200. Miligramu 600 kati ya hizo hazimfanyi mnyoo anayeleta kichocho lolote la maana, na ndizo zinazozidisha uchungu.

Sababu iko kwenye umbo. Molekuli ya prazikwanteli ina kaboni moja iliyoshikana na makundi manne yasiyofanana. Makundi hayo hupangika kwa namna mbili, na molekuli mbili zinazopatikana zinahusiana kama kandambili ya kulia na ya kushoto: vipande ni vilevile, lakini ugeuze utakavyo, moja haikai mahali pa nyenzake. Tunaziita R na S. Uzito wao ni mmoja na huyeyuka kwenye joto moja, hivyo vipimo vingi vya maabara haviwezi kuzitenga. Mnyoo anaweza. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba dawa hii hufungua njia ya kalsiamu kwenye seli za mnyoo, protini ya jamii ya TRPM, na R ndiyo inayoifungua ipasavyo. Kalsiamu ikishamiminika ndani, misuli hukakamaa na ngozi ya mnyoo huharibika. Ulimi nao hautaki mchezo: mwaka 2009 ulichapishwa utafiti ambamo watu walionjeshwa, na R peke yake ikaonekana kuwa na uchungu mdogo kuliko mchanganyiko.

Kwa nini basi viwanda vinatengeneza zote mbili? Kwa sababu kaboni ile ikijengwa bila kitu cha kuielekeza, R na S hutoka nusu kwa nusu, hata mtengenezaji awe hodari vipi. Njia zote mbili zinadai nishati sawasawa, kwa hiyo molekuli hazina sababu ya kupendelea mojawapo.

Mimi ni mkemia, na kazi yangu ni kuleta hiyo sababu. Usanisi wa upande mmoja, yaani kujenga molekuli ya umbo moja tu kati ya mawili, hutumia kichocheo ambacho chenyewe kina umbo la mkono mmoja. Molekuli inapokishika, njia ya kwenda R na njia ya kwenda S hazilingani tena. Tofauti inayotakiwa ni ndogo hadi inashangaza. Kwenye nyuzijoto 25, ili upate R 99 kwa S 1, kizuizi cha nishati cha njia moja kinatakiwa kiwe chini ya kile cha nyingine kwa takribani kilojuli 11 kwa moli. Kuizungusha molekuli ya ethani kwenye kifungo chake cha katikati, jambo linalotokea lenyewe mabilioni ya mara kwa sekunde, kunadai kama kilojuli 12. Tunakesha maabara kwa ajili ya kitu kidogo kuliko hicho.

Kwa prazikwanteli njia inajulikana. Kabla ya kaboni yetu kupata umbo, kuna hatua ambapo inaweza kuwa sehemu ya imini, yaani kaboni na nitrojeni zenye kifungo maradufu. Ukiongeza haidrojeni kutoka upande mmoja unapata R, kutoka upande wa pili unapata S. Mwaka 1996 kundi la Ryoji Noyori huko Japani lilichapisha vichocheo vya metali ya rutheni vinavyoifanya kazi hiyo kwa imini za jamii hiihii, haidrojeni ikitoka kwenye asidi fomiki. Miaka mitano baadaye Noyori alishiriki Tuzo ya Nobel. Wengine wakaipeleka mbinu hiyo hadi kwenye prazikwanteli yenyewe, na R ikapatikana.

Mtu angedhani habari imeishia hapo. Tupige hesabu. Kilo moja ya prazikwanteli ni moli 3.2. Maabara za vyuo kwa kawaida hutumia molekuli moja ya kichocheo kwa kila mia za malighafi, na kichocheo cha Noyori kina uzito wa molekuli wa 600 na ushee. Hiyo ni kama gramu 20 za kichocheo cha rutheni kwa kila kilo ya dawa. Bado kuna kusafisha: viwango vya kimataifa vinaruhusu dawa ya kumeza impe mtu mikrogramu 100 tu za rutheni kwa siku. Sasa kumbuka kwamba dawa hii kampuni ya Merck ya Darmstadt huitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Hapo kila shilingi inayoongezeka kwenye kidonge ina maana.

Asije mtu akasema vichocheo hivi ni vya maonyesho tu. Mkulima wa mahindi anayepulizia S-metolakloro kuzuia magugu anatumia zao la kuongeza haidrojeni kwenye imini, mmenyuko uleule. Kampuni ya Ciba-Geigy ilianza kuizalisha hivyo mwaka 1996 kwa kichocheo cha metali ya iridi, na molekuli moja ya kichocheo inageuza zaidi ya milioni moja za imini. Kwa kiwango hicho zile gramu 20 zangu zingekuwa miligramu mbili. La kuchekesha ni kwamba usafi wake ni wa kawaida sana: karibu sehemu tisa za umbo linalotakiwa kwa moja ya lisilotakiwa. Ukiwasilisha matokeo hayo kwenye jarida la kemia leo, mhariri atakurudishia. Mimi naona tumeabudu asilimia ya usafi tukasahau kuuliza kichocheo kinadumu muda gani kabla hakijafa.

Mkemia Matthew Todd, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Sydney, aliliweka tatizo la prazikwanteli wazi mtandaoni, pamoja na daftari la maabara, kila mtu alisome. Yeye alikuwa na hamu ya vichocheo. Wataalamu wa viwandani waliojitokeza wakasukuma mbinu ya kizamani: tengeneza zote mbili, kisha zitenge. Msingi wake ni wa Louis Pasteur, aliyetenga fuwele za chumvi ya asidi tartariki kwa mkono mwaka 1848. Ukichanganya amini, yaani molekuli ya hatua ya kati inayozaa prazikwanteli, na asidi ya jamii ya tartariki yenye mkono mmoja, chumvi ya R na chumvi ya S haziyeyuki sawasawa. Moja huganda, unaichuja. Hakuna rutheni ya kuondoa, asidi inarudi kutumika, na kule kuganda kwenyewe kunaondoa uchafu mwingine. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011.

Nilipoyasoma nilikereka kidogo, nikiri. Lakini ni kemia nzuri, na ni rahisi.

Udhaifu wake ni kwamba nusu ya amini, ile ya S, inabaki mkononi. Kuitupa ni hasara. Inaweza kuondolewa haidrojeni ikawa imini tena, kisha ikarudishiwa bila mwelekeo, ukapata nusu kwa nusu nyingine ya kutenga. Hapa ndipo naona nafasi ya watu kama mimi: kichocheo cha bei nafuu, pengine cha chuma, kinachoharibu umbo badala ya kulijenga. Ni kazi isiyo na sifa, na ni rahisi zaidi kukamilika.

R peke yake imeshafika kwenye dawa ya watoto wadogo, arprazikwanteli, kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyushwa kwenye maji. Ilijaribiwa Kenya na Ivory Coast, ikapata maoni ya kuiunga mkono kutoka mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023. Ni ya watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Wenye umri zaidi ya hapo wanaendelea na zile miligramu 600, R na S pamoja.