Mzee anayehema msimwambie akae tu

Mzee akianza kuhema kwenye ngazi, wanawe humwambia apumzike. Ndoo anapokonywa, sokoni anatumwa mjukuu, naye anabaki kwenye kiti kutwa nzima. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini kukaa huko kunampunguzia nguvu haraka kuliko miaka yenyewe.

Akiwa ametulia, moyo wa mtu wa miaka 70 asiye na maradhi husukuma damu ya kutosha. Tofauti huonekana anapofanya kazi. Mapigo hayapandi kama zamani: kwa makadirio ya kawaida, 220 ukitoa umri, kijana wa miaka 20 hufikia mapigo 200 kwa dakika, mzee huyu 150 hivi. Tena chemba ya kushoto ya moyo imekuwa ngumu, hailegei upesi ili ijae damu kabla ya pigo linalofuata. Presha ya miaka mingi, kisukari na unene huzidisha ugumu huo. Kwa hiyo kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kinaweza kuonyesha moyo unasukuma vizuri, na bado mgonjwa anakosa pumzi kweli, kwa sababu shida iko kwenye kujaa. Asidharauliwe kwa kuambiwa "ni uzee tu".

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu. Miaka 30 baadaye walipimwa tena. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu ziliwashusha uwezo wa mwili kuliko miaka yote 30 iliyofuata. Wakafanya mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli kwa miezi sita, na uwezo waliopoteza kwa umri wakaurudisha.

Hao walikuwa na miaka 50. Anayeanza baada ya 65 asitegemee moyo wake ulainike sana. Hata hivyo misuli ya miguu hujifunza kutumia vizuri zaidi oksijeni inayoifikia, na pumzi haimwishii mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya nguvu na ya kusaidia mwili usiyumbe. Aanze na dakika 5 au 10, asubuhi kabla ya jua kali, na kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika mikono ya kiti. Kasi inafaa kama anaweza kuzungumza ila hawezi kuimba. Anayetumia dawa ya presha au moyo kama atenolol apime kasi kwa kuzungumza hivyo hivyo, asihesabu mapigo, maana dawa huyashusha.

Lakini kifua kikimbana, akizimia, miguu ikivimba, au akilazimika kulalia mito mingi ili apumue, kwanza aende hospitali; mazoezi yasubiri ruhusa ya daktari.