Kuweka Gari Frii Mteremkoni Hakubani Mafuta

Nimeletewa tena swali lile lile, na safari hii na dereva mzoefu ninayemheshimu: "Fundi, nikifika mteremkoni si natoa gia naweka frii, mafuta yabaki?" Nikamwambia hapana. Akanijibu kwa mshale wa dashibodi: gia ikiwa ndani unasoma mizunguko 2,500 kwa dakika, akiweka frii unarudi 800, na injini inayozunguka polepole lazima inakula kidogo.

Hoja hiyo inaingia akilini haraka, ndiyo maana haifi. Kosa lake ni kudhani kwamba kila mzunguko wa injini unalipiwa mafuta. Gari likishuka gia ikiwa ndani na mguu umetoka kwenye mafuta, anayezungusha injini ni nani? Ni matairi. Uzito wa gari unayasukuma, nayo yanazungusha gia boksi, klachi na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Kompyuta ya injini inaona kipepeo cha hewa, yaani kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kimefungwa na mizunguko bado iko juu, basi inafunga nozeli, vile vimidomo vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Haipunguzi, inafunga. Hakuna tone linaloingia silindani mpaka mizunguko ishuke karibu na kiwango cha injini kujizungusha yenyewe, hapo nozeli zinafunguliwa tena ili isizimike.

Sasa toa gia. Matairi hayana tena njia ya kuizungusha injini, kwa hiyo inabidi ichome mafuta ili ibaki hai. Injini ndogo ya petroli hapo inakula kama nusu lita hadi lita moja kwa saa. Ni kidogo, lakini ulikuwa na sifuri mkononi ukaitupa. Kama gari lako lina kioo kinachoonyesha ulaji wa papo kwa papo, shuka ukiwa kwenye gia uangalie namba. Dizeli nayo hukata mafuta vivyo hivyo.

Imani hii ina chimbuko lake, na waliotufundisha hawakuwa wajinga. Kwenye kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, hakuna kompyuta. Matairi yakiivuta injini huku kipepeo kimefungwa, mvuto ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, unakuwa mkali na unaendelea kunyonya petroli. Kwa hiyo frii ilikuwa inaokoa kweli. Lakini Bosch walianza kuuza mfumo wao wa D-Jetronic, unaopuliza petroli kwa nozeli za umeme, kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967! Nozeli za umeme si habari mpya, na gari unaloendesha leo karibu hakika linazo.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wenzangu huliruka wanapofundisha, nami siwezi kuliruka kwa sababu dereva makini ataligundua mwenyewe kisha aache kutuamini. Mteremko ukiwa mdogo sana, gia ikiwa ndani, injini inalishika gari. Kasi inapungua, unalazimika kukanyaga mafuta kidogo ili uendelee kwenda. Kwenye frii gari hilo hilo lingeserereka mbali zaidi kwa mafuta machache ya kuiweka injini hai. Hapo frii inashinda. Porsche na Volkswagen wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi ya magari yao yenye klachi mbili hujitenga na injini yenyewe ukiinua mguu. Kwa hiyo anayesema frii haiokoi kamwe naye anakosea.

Mpaka wangu ni huu: kama kwenye frii ungehitaji breki, gia inashinda waziwazi. Kama kwenye gia ungehitaji kukanyaga mafuta, frii inaweza kushinda kwa kiasi kidogo. Katikati pana ukungu, na ukungu huo hubadilika kwa uzito wa gari, upepo, upana wa matairi na ukubwa wa injini, hata sehemu moja ya barabara ikatoa majibu mawili kwa magari mawili. Na hata pale inaposhinda, mimi siiweki. Mfumo wa kiwandani unarudisha gari kwenye injini mara tu unapogusa kikanyagio. Mkono wako hauna wepesi huo, na barabara haikutangazii kona inayofuata.

Kinachonikera zaidi ya mafuta ni breki. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 300 za kimo linapaswa kumwaga nishati inayotosha kuchemsha takriban lita 13 za maji kutoka nyuzi 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi. Kwenye gia, injini nayo inachukua fungu lake na kulitupa nje kupitia eksozi na rejeta. Kwenye frii fungu hilo lote linarudi kwenye diski na pedi. Pedi zikichemka kupita kiasi zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka: mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unazama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini inayobeba jina lake, alikuwa akishuka na lori Cajon Pass huko California. Breki zikamwishia, na chini ya mlima treni ilikuwa inakatiza barabara. Yeye na wenzake waliponea chupuchupu. Cummins hakuisahau siku ile. Baadaye alibuni breki inayoifanya injini ya dizeli yenyewe ilishike lori, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Mtu aliyezijua injini kuliko sisi sote alihangaika miaka ili injini imsaidie kushuka, na wewe unaitenga kwa hiari yako.

Wenye gari la otomatiki, na nyinyi D inakata mafuta, msipeleke N. Pampu ya gia boksi, inayosukuma mafuta ya kuilainisha, inategemea mizunguko ya injini, na kurudisha D gari likiwa kasi ni kuzitwisha klachi za ndani mshtuko. Kwenye mteremko mkali tumieni L, 2, S au M ili gari libaki kwenye gia ya chini.

Na anayezima injini kabisa? Naomba uache leo. Busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu wako kusukuma breki, inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, kisha kikanyagio kinakuwa kigumu kama jiwe. Usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo kwenye magari mengi unajifunga.

Gia ya kushukia ichague ukiwa bado juu, kabla gari halijapata kasi: mteremko mkali gia namba mbili, wa kawaida namba tatu. Ukichelewa, sinkro, zile pete za kulinganisha kasi ndani ya gia boksi, zinakataa kuingiza gia ya chini, na kila sekunde unayohangaika na mkono wa gia gari liko frii.