Mwinuko wa chini wa usalama ni nini?

Ukipanda ndege ya Dar kwenda Nairobi, omba kiti cha kushoto. Anga ikiwa nzuri utakiona kilele cha Kibo, cha Mlima Kilimanjaro, kimechomoza juu ya mawingu kama kisiwa, na hakosekani abiria wa kuuliza: "Hivi hatuwezi kuugonga?" Swali si la kijinga. Jibu lake limo kwenye namba ambayo rubani anayo kabla hata hajawasha injini, na namba hiyo ndiyo huitwa mwinuko wa chini wa usalama. Ni urefu kutoka usawa wa bahari ambao ndege isiyoona ardhi, iwe ni usiku au imo ndani ya wingu, hairuhusiwi kushuka chini yake katika eneo fulani.

Hesabu yake ni nyepesi. Tafuta kitu kirefu kuliko vyote kwenye eneo hilo, kiwe kilele au mnara wa simu, kisha ongeza nafasi: futi 1,000 kwenye tambarare, futi 2,000 milimani. Kwa nini mlima uongezewe? Kwa sababu upepo ukishavuka mlima hupomoka upande wa pili, na unaweza kuisukuma ndege chini haraka kuliko injini zinavyoweza kuinyanyua. Kilimanjaro ina mita 5,895, yaani futi 19,341. Jumlisha 2,000, unapata 21,341. Kwenye ramani namba hiyo hupandishwa hadi mia inayofuata, hakuna anayeishusha.

Jeti ikipita hapo juu ya futi 30,000 haina wasiwasi. Kazi iko kwa ndege ndogo, zile za propela moja zinazopeleka watalii mbugani. Kabini zake hazijazwi hewa kama za jeti. Kwa kanuni za kawaida, rubani asiye na oksijeni ya ziada hatakiwi kukaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 10,000, na akipita 13,000 lazima aivae muda wote. Kwa hiyo hawezi kuuruka mlima, anauzunguka. Sasa usalama wake hautegemei tena urefu peke yake, unategemea pia kujua kwa hakika yuko upande gani wa mlima. Julai 2003 ndege iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa watu 14. Juni 2018 nyingine iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare, wakafa watu 10.

Lakini mfano ninaouona mkali kuliko yote uko mbali na kwetu, Antaktika. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand ilikuwa ikitembeza watalii kutazama barafu. Usiku wa kuamkia safari, namba za njia kwenye kompyuta zilibadilishwa, marubani wasiambiwe. Wao walidhani wanapita juu ya ghuba iliyo tambarare; ndege ilikuwa inaelekea Mlima Erebus, wenye mita 3,794. Mwinuko wa usalama wa eneo la mlima ule ulikuwa futi 16,000. Wao walikuwa karibu futi 1,500, kwa sababu walikuwa chini ya mawingu na waliamini wanaona mbele. Theluji nyeupe chini ya wingu jeupe, macho hayatofautishi mteremko na anga. Kengele ya kuonya ardhi ililia sekunde 6 tu kabla ya kugonga. Walikufa wote 257. Ndege haikuwa na hitilafu yoyote.

Kengele za wakati ule zilipima ardhi iliyo chini ya tumbo la ndege, si iliyo mbele ya pua. Ardhi ikipanda ghafla, kengele haikupata nafasi ya kupiga kelele mapema. Za siku hizi hubeba ramani ya vilima vya dunia nzima, zikalinganisha na mahali ndege ilipo, na kumpigia rubani kelele hadi kama dakika nzima kabla.

Kuna mtego mwingine, altimita. Kifaa hiki hakipimi ardhi, kinapima mgandamizo wa hewa, kisha kinaugeuza kuwa futi. Ndiyo maana mnara wa kuongozea ndege humtajia rubani mgandamizo wa saa ile naye akaseti. Akikosea kwa hektopaskali 10 (hicho ndicho kipimo cha mgandamizo), amekosea karibu futi 300. Baridi kali nayo hudanganya: hewa hujikunja, altimita ikasoma juu huku ndege iko chini. Kwetu kwenye joto kosa hilo huegemea upande wa heri.

Namba ya usalama huwa ngumu zaidi pale ardhi yenyewe ilipo juu. Kabini ikivuja hewa, maski zinadondoka, na katika ndege nyingi oksijeni ya abiria hutosha dakika 12 hadi 20 hivi. Rubani anatakiwa ashuke haraka hadi futi 10,000, ambako watu wanaweza kupumua wenyewe. Juu ya bahari hilo ni jambo la dakika chache. Juu ya Tibet, uwanda wenyewe una wastani wa mita 4,500, karibu futi 15,000, na vilele viko juu ya hapo. Huwezi kushuka ndani ya jiwe. Kampuni zinazopita huko hubeba oksijeni ya ziada, na kila kipande cha njia kina jibu lililoandikwa mapema: hewa ikiisha hapa, kata kulia kuelekea bonde fulani, ukishavuka alama ile, usirudi, songa mbele. Ndege nyingi za Ulaya na Asia huona nafuu kuuzunguka uwanda huo, hata kama njia inarefuka.