Tramadoli si unga, lakini ni ndugu yake

Pale Mwanjelwa, Mbeya, kijana wa bodaboda alinionyesha vidonge vya tramadoli kwenye mfuko wa koti: “Hii si unga, kaka. Inauzwa duka la dawa.” Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tramadoli, dawa ya kutuliza maumivu, ni ukoo mmoja na mofini na heroini, huo “unga” wenyewe: hushika sehemu zilezile za ubongo, huzima maumivu, na ikizidi hupunguza pumzi. Huweza hata kuleta degedege, na pombe huzidisha hatari. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mkimbize hospitali, usimwache “alale iishe”. Wazazi, vidonge vilivyobaki baada ya upasuaji msivitunze kabatini. Ulizeni duka la dawa namna ya kuviteketeza.