Fabriano, mji uliotwanga matambara

Kazi yangu ni kutengeneza vitabu vya kale vilivyoliwa na wadudu na unyevu, na hapa Unguja kazi hiyo haikauki. Kikiletwa kitabu mezani, sianzi kwa kukisoma. Nainua ukurasa mmoja dirishani, jua lipenye. Mara nyingi hujitokeza hilali tatu zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Hazikuchorwa kwa wino, zimo ndani ya karatasi yenyewe, na karatasi hiyo imetoka Italia. Hata misahafu mashuhuri ya Siyu, kisiwani Pate, mingi imeandikwa juu ya karatasi za Italia.

Zile hilali ni kazi ya viwanda vya upande wa Venice. Lakini ukiufuata ufundi wenyewe kinyumenyume, utafika Fabriano, mji wa watu takriban 30,000 mkoani Marche, kwenye reli ya kutoka Roma kwenda Ancona. Watalii wengi wanaupita tu. Mimi nilishuka.

Tuelewane kwanza: karatasi haikuvumbuliwa Fabriano. Ilitoka China, ikapita Samarkand na Baghdad, na Wazungu wakaipokea kwa Waarabu. Neno letu karatasi ni la Kiarabu, na hata rimu unayonunua dukani asili yake ni rizma, yaani bunda, ambalo Waitaliano nao wanaliita risma. Hati ya mwaka 1264 ndiyo ya zamani zaidi inayohusishwa na karatasi za Fabriano. Wakati huo karatasi haikuaminika. Mwaka 1231 Kaisari Frederick II alikuwa ameagiza hati rasmi ziandikwe kwenye ngozi, kwa sababu karatasi haikudumu.

Basi Fabriano walifanya nini? Nikijibu kama fundi, nasema walibahatika kuwa na majirani wazuri. Mji ulikuwa na wafumaji wa sufu, watengeneza ngozi na wahunzi, wote wakitegemea mto Giano, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mtengeneza karatasi alikihitaji.

Wafumaji walikuwa na mitambo ya maji ya kupiga vitambaa vya sufu. Ikageuzwa kuwa vinu. Ukiuona mtambo huo leo katika Makumbusho ya Karatasi, yaliyofunguliwa 1984 katika nyumba ya zamani ya watawa wa San Domenico, huhitaji mkalimani: ni kinu na mchi. Gurudumu linazunguka, nyundo nzito za mbao zinapanda na kushuka kwa zamu ndani ya birika la jiwe. Za mwanzo zina misumari mikali ya kuchana matambara ya kitani, zinazofuata misumari butu, za mwisho ni bapa. Kinachobaki ni uji mweupe. Kelele yake inaingia hadi mifupani.

Watengeneza ngozi walikuwa na mabaki ya ngozi waliyokuwa wakiyatupa. Ukiyachemsha unapata sherisi. Waarabu walikuwa wakipaka karatasi zao wanga, kama dondo la nguo, na wanga ni chakula cha wadudu na kuvu, hasa penye unyevu. Sherisi iliipa karatasi ugumu, ikazuia wino kusambaa, na ikaongeza umri wake kwa karne nyingi. Kwangu mimi huu ndio mchango mkubwa kuliko yote ya Fabriano, ingawa hakuna anayeupiga picha.

Kinachopigwa picha ni alama ya maji, yaani umbo lililofichika ndani ya karatasi kama zile hilali, na hiyo inatokana na wahunzi, waliojua kuvuta waya mwembamba. Fundi anachovya fremu yenye waya ndani ya birika la uji, anaiinua, anaitikisa mara moja mbele na mara moja kando, maji yanachuruzika. Kwenye fremu hiyo ameshona umbo la waya: herufi, ua, msalaba. Palipo na waya uji hutua mwembamba, na pembamba mwanga hupita. Ni hayo tu. Noti iliyo mfukoni mwako inafuata kanuni hiyohiyo iliyoanza mwishoni mwa karne ya 13, wakati kila kiwanda kilitaka mzigo wake ujulikane sokoni.

Mji haujawasahau wahunzi. Nembo yake ni mhunzi akifua chuma juu ya daraja, na kila Juni, katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, wahunzi wa mitaa minne ya kale hushindana kufua ufunguo hadharani. Mtoto mwingine wa mji, mchoraji Gentile da Fabriano, alimaliza mwaka 1423 picha ya Mamajusi iliyopo Florence. Ukikaribia taji la nuru la Bikira Maria utaona maandishi ya kuiga Kiarabu yamechongwa kwenye dhahabu.

Karatasi nayo ilirudi kwa waliowafundisha. Ilikuwa imara na rahisi, ikafurika hadi Afrika Kaskazini, na ikazua swali: je, inajuzu kuandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya karatasi yenye alama ya msalaba ndani yake? Mwaka 1409, huko Tlemcen katika Algeria ya leo, mwanachuoni Ibn Marzuq alitoa fatwa kwamba inajuzu: anayeandika juu yake anaifunika batili kwa haki. Wafanyabiashara wa Italia hawakuhitaji fatwa. Kwa soko la Waislamu walishona waya wa hilali, wakaipakia karatasi melini, na hatimaye ikafika Siyu.